Kitengo cha Ubora cha Shangazi Apolonia

Jumamosi, 4 Juni 1983. Ushirombo

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Barua iliyokwenda Dar es Salaam kuomba alama ya ubora kwa sabuni za Shangazi Apolonia niliiandika mimi. Sahihi yake niliiweka mimi. Na yale maneno kwamba kiwanda kina maabara, wafanyakazi kumi na wawili na Kitengo cha Ubora niliyatunga mimi, shuleni, saa za kujisomea, nikiwa na akili zangu timamu.

Sababu ilikuwa njema. Shangazi alikuwa ameambiwa na ofisi ya biashara kwamba kuanzia Julai kostiki, dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, itagawiwa kwa viwanda vinavyotambuliwa tu. Bila kostiki, mafuta ya ng'ombe yanabaki mafuta ya ng'ombe. Shangazi ndiye aliyenilea, na sabuni hizo ndizo zilizonifikisha kidato cha tatu. Nikaona nimsaidie. Nilidhani watajibu kwa karatasi yenye mhuri. Sikujua wanatuma mtu!

Leo nimefika likizo, nikakuta telegramu imebandikwa ukutani kando ya picha ya Bikira Maria. Mkaguzi atafika Ijumaa, tarehe kumi. Shangazi anafurahi mpaka inatia huruma. Anasema serikali imemwona. Hajiulizi imemwonaje.

Kiwanda chenyewe ni banda la mabati nyuma ya nyumba. Mapipa mawili, kalibu za mbao, mizani moja. Wafanyakazi watatu. Shangazi hununua mafuta machinjioni. Mzee Telesphori ndiye fundi, anapika. Wa tatu ni kijana, jina lake Sikujua, anakata miche ya sabuni kwa waya. Ni wa umri wangu, miaka kumi na saba, aliishia darasa la saba, na ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeishia mahali.

Zimebaki siku sita. Kitengo cha Ubora kinaanza kazi kesho. Kitengo ni mimi.

Jumapili, 5 Juni

Baada ya misa nilikwenda bandani kutazama kazi inavyokwenda. Nilikuwa nimesahau ulimi!

Mzee Telesphori akitaka kujua kama sabuni imeiva, huchota kidogo kwa kijiti, huipoza kwenye ukucha, kisha huigusa kwa ncha ya ulimi. Hutazama juu kwenye mabati. Halafu hutoa hukumu. Ama "inauma", yaani kostiki imezidi. Ama "inalala", yaani mafuta yamezidi. Ama "imekubali", na hapo moto huondolewa. Amefanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Nikamfikiria mkaguzi wa Dar es Salaam akimwona mzee analamba sabuni. Aibu ilinishika hadi masikioni. Nikamwambia Shangazi kwamba hakuna kiwanda duniani ambako fundi huonja sabuni. Akauliza kwenye viwanda hivyo vya dunia wanajuaje basi. Nikasema kwa sayansi. Akasema miaka mitatu ananisafirisha kwenda kuifuata hiyo sayansi, sasa na aione.

Ninazo karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na alkali, vipande kumi na tisa. Ni za maabara ya shule. Mwalimu wa kemia hana habari kwamba ameniazima.

Jumatatu, 6 Juni

Kitabu cha Ubora kimeanza. Kurasa kumi na nne. Mkono unauma.

Nilimweleza Sikujua kwamba kuanzia sasa kila mche upimwe. Alikata miche kumi kwa jicho tu, akanipangia kwenye mizani mmoja mmoja kama mtu anayempangia mtoto vijiti vya kuhesabia. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko ningeweza kuisoma. Akaniuliza Mheshimiwa Kitengo ameridhika au tukate na yeye.

Nimeandika kitabuni: Mkataji apewe mafunzo.

Jumanne, 7 Juni

Leo tumepika sabuni ya mkaguzi. Kostiki yote iliyobaki imeingia. Shangazi alikung'uta mfuko wenyewe juu ya pipa.

Kabla ya hapo nilimwendea Mzee Telesphori, nikamwamkia vizuri, nikamwomba ulimi upumzike. Akaitikia, "Marahaba, mayo," yaani mama, akasema kama kitabu kimesema, basi kimesema. Alikaa kwenye kigoda amefunga mdomo, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani. Ilinichoma kidogo. Lakini maendeleo ndivyo yalivyo.

Nikachovya karatasi nyekundu. Ikawa bluu. Bluu ni alkali, yaani kostiki imezidi. Nikaagiza yaongezwe mafuta. Nikachovya tena. Bluu! Mafuta tena. Bluu. Shangazi alikwenda machinjioni mara mbili, mara ya pili anakokota miguu. Mzee alinyanyua kidole kutaka kusema kitu. Nikamwomba asubiri karatasi.

Sikujua akauliza kama karatasi hiyo inajua rangi nyingine.

Saa kumi jioni zilibaki karatasi tatu, na pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Niliamua litmasi imezeeka. Tukamimina kwenye kalibu. Nimeandika: Kipimo kimefanywa mara kumi na sita. Hiyo peke yake inaonyesha umakini.

Jumatano, 8 Juni

Haikuganda.

Shangazi aliinamisha kalibu, nayo sabuni ikasogea taratibu upande mmoja, kama ng'ombe anayehamia kivulini. Sikujua alichovya kidole, akanusa, akasema huu ni mchuzi, nani anasonga ugali?

Nilikwenda kujifungia na daftari langu la kemia. Ukurasa wa thelathini na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimepigia mstari kwa wino mwekundu: sabuni yenyewe ni alkali. Hata iliyo nzuri kuliko zote hugeuza litmasi kuwa bluu. Nilipata alama tisini na moja kwenye mtihani ule.

Shangazi alikuja kusimama mlangoni. Hakugomba. Aliuliza tu kama sayansi imekwisha au kuna nyingine. Nikasema inahitaji kupoa. Akasema na yeye pia, akaenda kulala saa tisa mchana. Sijawahi kumwona Shangazi amelala mchana.

Alhamisi, 9 Juni

Mpango mpya! Sina nguvu, lakini nina mpango.

Kwanza, sabuni ya uji imefunikwa kwa magunia nyuma ya pipa. Pili, miche ya mwezi uliopita, thelathini na minne, imepangwa mbele kwenye meza yenye kitambaa. Tatu, maabara. Nimepaka chokaa banda la kuku na kuandika MAABARA juu ya mlango. Mlango unafika kiunoni. Nitasema ni kwa ajili ya usafi. Shangazi aliuliza kwa nini kuku wamefukuzwa. Nikasema upanuzi.

Nne, wafanyakazi tisa waliopungua. Mama Zipora wa kwaya alikubali kuleta wanawake wenzake wavae khanga za kufanana, kwa masharti kwamba kila mmoja apewe mche mmoja, tena mapema. Miche tisa! Mwaka huu sabuni haipatikani madukani. Watu wanaivizia kama wanavyovizia basi la Kahama. Nikaghairi. Mama Zipora ameniita bahili mbele ya watu kisimani.

Tano, Sikujua. Nilimfundisha kusema yeye ni Afisa Vipimo. Aliuliza kama cheo hicho kina mshahara wake. Nikasema kina heshima. Akasema basi heshima nibaki nayo mimi, yeye atabaki na waya.

Mzee Telesphori ameshinda siku nzima akichochea sabuni ya uji bila kuambiwa na mtu. Nilimuuliza kwa nini anahangaika. Alisema ataifanyaje, si imekwishazaliwa?

Ijumaa, 10 Juni

Amekuja. Naandika yote kwa utaratibu kwa sababu nikiacha nitalia.

Ndugu Athanas, mkaguzi, aliteremka kwenye lori la pamba saa nne. Amejaa vumbi hadi kope. Mtu mzima, mnene, amechoka kuliko sisi sote. Kabla ya salamu kuisha aliomba maji ya kunawa. Shangazi akampa kipande cha sabuni ya zamani. Alinawa mikono, akapanda hadi viwiko, akafika shingoni. Hakutaka kumaliza. Alisema tangu Machi hajaona povu.

Nikadhani tumeshinda.

Ndipo akatoa barua kwenye mkoba. Barua yangu! Akaisoma kwa sauti yote, pamoja na sahihi. Akasema angependa kuonana na wafanyakazi kumi na wawili. Shangazi alinigeukia polepole. Nilitazama chini. Nilihesabu vidole vyangu vya miguu na vyote vilikuwepo.

Akauliza maabara iko wapi. Kuku mmoja alitoka mlangoni chini ya yale maandishi, akajikung'uta chokaa, akapita katikati yetu. Ndugu Athanas alisoma maandishi. Alimtazama kuku. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Sikujua akasema, "Ndugu mkaguzi, maabara si hiyo. Maabara ndiyo ile, imekaa kwenye kigoda."

Mkaguzi alipokea Kitabu cha Ubora, kurasa arobaini na moja. Akamuuliza Sikujua yeye yuko ukurasa wa ngapi. Sikujua akasema hajawahi kukiona. Akamuuliza Mzee Telesphori anajuaje kama sabuni imeiva. Mzee alinitazama mimi kwanza. Mzee mzima, mvi kichwani, ananiomba ruhusa! Nikatikisa kichwa kukubali.

Mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya pipa, akavuta magunia yote na siri yangu ikawa wazi. Akachota, akapoza kwenye ukucha, akagusa kwa ulimi. Akatazama mabati.

"Inalala," akasema. "Tena usingizi mzito. Lakini haijafa. Kostiki ikija, nitaiamsha."

Ndugu Athanas akachukua miche sita ya zamani, akaipima, akakata pembe, akatia kwenye bahasha za kupeleka Dar es Salaam. Kila mche aliuliza ulipikwa lini, na kila mche Mzee alikumbuka. Huu ulipikwa wiki ya mvua. Huu, ng'ombe wake alikuwa mzee. Mkaguzi aliandika yote.

Uamuzi: alama hatupati. Sabuni anaiona ni nzuri, ila kitabu kinaeleza kiwanda kingine kabisa, na kiwanda hicho, alisema, angependa siku moja kukitembelea. Ataiandikia ofisi ya biashara kwamba tuko kwenye uchunguzi, ili kostiki iendelee hadi mwisho wa Septemba. Atarudi wakati huo. Akikuta kitabu na kazi havifanani, basi, kostiki imekwisha na yeye hataweza kusaidia. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole niandike kurasa mbili tu. Mbili! Tunachofanya, jinsi tunavyokifanya, kwa maneno ambayo Mzee Telesphori akisomewa atasema ndiyo.

Aliondoka na mche mmoja aliopewa na Shangazi. Aliulipia. Aliushika mkononi, hakuutia mkobani.

Jumamosi, 11 Juni

Shangazi alisubiri hadi leo. Tulikuwa tunachambua mchele. Alisema sahihi yake nimeiandika vizuri kuliko anavyoiandika yeye, na nikirudia atanivunja mkono unaoandika vizuri hivyo. Baada ya ungo mzima akasema kama nilitaka kumsaidia ningemuuliza, kwa kuwa na yeye ana mdomo. Nikasema samahani. Akasema amechoka, nipepete vizuri.

Adhabu ni kuchochea sabuni ya uji kila asubuhi hadi kostiki ije. Sikujua amejitolea kunisimamia. Amekaa kwenye kigoda kabisa.

Jumapili, 12 Juni

Leo nimeandika zile kurasa mbili. Nimelielewa somo. Ulimi ndio chombo chetu cha kupimia, basi uandikwe. Sasa, chombo chochote cha kupimia lazima kitunzwe, au sivyo kipimo hakiaminiki. Mkaguzi alisahau tu kulisema hilo kwa sababu ya uchovu.

Kwa hiyo: Mzee Telesphori asile pilipili siku mbili kabla ya kupika. Ugoro marufuku. Uji apewe baada ya kupoa. Ulimi ukaguliwe kila asubuhi na Kitengo, kwa mwanga wa jua, na hali yake ijazwe kwenye jedwali lenye safu sita. Panahitajika pia ulimi wa akiba, endapo wa kwanza utaugua. Nimependekeza wa Sikujua, maana unafanya kazi muda wote.

Nimempelekea Mzee nimsomee. Alisikiliza hadi kwenye ugoro, akanishukuru kwa lugha ya kwao, "Wabeja, mayo, umechoka, kapumzike." Akaondoka na fimbo yake. Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana.

Nimerudi ndani. Nimekula viazi vilivyobaki. Nimeandika hadi ukurasa wa kumi na tisa, nikaona jedwali halitoshi, nikachukua senti zangu za akiba nikaenda dukani kununua daftari kubwa.