Msumari wa Mama Verediana na Mdiria wa Ipogolo

Sogeeni, mlioketi na mliosimama mlangoni, mwenye kikombe akiweke chini, mpate kusikia vita vya Liberatus Kalinga, simba wa studio, bwana wa lenzi, aliyepambana na ndege asiyezidi kiganja, mwaka wa hamsini na sita, pale Ipogolo chini ya mlima wa Iringa.

Ndege mwenyewe alikuwa mdiria, mvuvi wa mto Ruaha, ajitosaye majini kama mkuki na kuibuka na samaki mdomoni. Kila picha ambayo Liberatus alimpiga ilitoka ukungu mtupu. Mama mkwe wake, Mama Verediana, alikwisha kupigilia msumari sebuleni kwa ajili ya picha ya ndege huyo na kuwatangazia wageni wote, sasa kila Jumapili baada ya misa, wakiuona ukungu ule ukutani, wakawa wanamuuliza, "Mama, huu ni moshi wa jiko gani?" Akatoa hukumu: picha ijayo isipoonekana ndege, msumari utatundikwa ungo, tena mbele ya wageni.

Lakini adui hakuwa ndege. Adui alikuwa salamu. Njia ya mtoni ilipita mgongoni mwa shujaa, na Mhehe gani ataambiwa "kamwene" asigeuke, aulizwe ya nyumbani, naye aulize ya shambani? Kidole kikiwa tayari, salamu ikapiga, shujaa akageuka, kamera ikageuka naye, na mdiria akabaki mchirizi wa ukungu pichani.

Basi siku hiyo akamweka mkewe njiani kama ngome.

"Marta, binti wa majemadari," akahutubia, "lizuie jeshi lote. Salamu zangu uzipokee wewe, na umbea wao wote uwe nyara zako."

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hiyo?" Marta akasema, akitandika khanga akae. "Leo hapiti mtu na habari yake."

Liberatus akapiga magoti topeni, akailenga lenzi mapema kwenye maji chini ya tete ambapo ndege alipenda kutua, akaweka kasi ya juu kabisa ya kufyatua, akainamisha kichwa juu ya kamera yake, ile ya kuchungulia kwa juu, akatulia kama mtungi. Nyuma yake ngome ilivuma kwa umbea: ya Philbert na yule mshona nguo, ya mbuzi wa katekista. Hakugeuka, ingawa ile ya katekista ilimchoma.

Ghafla ngome ikafunguka. Aliyefika alikuwa Mama Verediana, na mama mzazi hazuiwi njiani.

"Kamwene, mkwe."

Asipoitika, amemdharau mkwewe; akigeuka, ungo. Na papo hapo mdiria akajitosa. Liberatus hakuitika. Maji yakapasuka, ndege akaibuka, kidole kikashuka.

Ndipo akageuka kuomba radhi. Kumbe mama alikuwa anayatazama magoti yale topeni na kichwa kile kilichokuwa kimeinama.

"Inatosha, mwanangu," akasema, sauti imelainika. "Tangu nianze kuozesha mabinti, hakuna mkwe aliyeniheshimu hivi. Inuka, utashikwa na baridi."

Marta akaficha uso ndani ya khanga.

Picha ikatoka na manyoya yake, na matone yake, na hata jicho la samaki, lenye majuto. Jumapili picha hiyo ikapanda msumarini mbele ya nyumba iliyojaa, na ungo ukarudi jikoni kama jeshi lililoshindwa. Lakini mgeni akianza kumsifu mdiria, Mama Verediana humkata kauli.

"Ndege ni ndege tu. Niulize mpigaji alikuwa amekaaje."