Ng'ombe wa Mahari na Joka la Theluji

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita

Chumba changu cha michezo ya video kitupu. Tangu asubuhi mteja ni mimi mwenyewe. Nimecheza mchezo wangu wa zamani, ule wa askari anayekimbia kuelekea kulia akipiga risasi. Nimefia darajani. Siku zote nafia pale. Watu wananiambia niruke. Mimi siruki, napita katikati, kwa sababu njia iko katikati.

Wateja wako ng'ambo ya barabara kwa Nsengimana. Amenunua televisheni pana kama mlango, anaonyesha katuni za Kijapani za mabinti wenye panga na majoka. Zina sauti ya Kifaransa. Nusu ya mtaa wetu wa Ndosho haikielewi Kifaransa hicho, lakini wanakaa tu, wanaangalia nywele za bluu.

Mchana amekuja Mama Kanyere, mwenye nyumba. Ameangalia viti, hakusema habari za mchana. Atarudi Jumapili baada ya misa. Akikuta chumba kiko hivi, atakipa kikundi cha maombi cha Mama Léonie. Mimi nitarudi Mabanga kuuza sabuni kwenye duka la kaka yangu, chini ya macho ya shemeji. Afadhali kufa darajani.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata akili. Nimemwendea Mama Léonie na uso wa huzuni. Nikamwambia kwamba kwa Nsengimana watoto wanaonyeshwa joka, na joka sote tunamjua ni nani. Ameuliza kama nina hakika. Nimesema lina pembe. Ameahidi kwenda na kikundi chote kulikemea.

Jioni. Wamekwenda. Wamekemea. Kisha wakaketi kidogo wahakikishe kama joka limetoka. Wametoka giza limeingia. Mama Léonie amenipitia kunieleza kwamba yule binti ana adabu, husali kabla ya kuchomoa upanga. Halafu ameuliza yule askari wangu anaua watu wa nani.

Jumatano, tarehe 11

Mpango mpya, huu hauna kasoro. Gradi, anayewajazia watu filamu kwenye simu pale sokoni, ameniuzia flashi yenye katuni nyingine ya joka, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ni Kijapani chenyewe, na chini hakuna maandishi. Ndiyo maana imekuwa rahisi.

Nitaitafsiri mimi. Hapa kwetu filamu bila mtu wa kuieleza kwa sauti ni nusu ya filamu, na Nsengimana hana mtu huyo. Nimeazima kipaza sauti cha muuza viatu. Gradi ameuliza kama najua Kijapani. Nimemjibu kwamba najua watu, na watu ni wale wale. Amenishauri niiangalie kwanza yote peke yangu. Kuchoma mafuta ya jenereta kwa ajili ya viti vitupu! Hapana.

Alhamisi, tarehe 12

Nimeanza kuonyesha na kueleza. Kuna binti mwenye upanga, kijana mwembamba anayemfuata kila mahali, mzee tajiri mwenye ndevu, na joka jeupe linaloishi kwenye theluji. Nimeelewa mara moja. Mzee ni baba wa binti. Kijana anataka kuoa. Baba anadai ng'ombe wa mahari, na joka limewala mlimani.

Papa Ézéchiel, mfugaji kutoka Masisi, alikuwa amejikinga mvua mlangoni pamoja na wapita njia. Aliposikia ng'ombe aliingia na kukaa mbele. Ameuliza ni ng'ombe wa aina gani. Nimesema wa pembe ndefu. Akasema basi baba ana haki ya kukasirika.

Mvua imekwisha, hakuna aliyeondoka. Nimefurahi mpaka nikapoteza sauti.

Ijumaa, tarehe 13

Chumba kimejaa, wengine wamesimama dirishani. Papa Ézéchiel amekuja na wafugaji wenzake. Barabarani watu wanabishana kama mkwe analipa ng'ombe walioliwa na joka. Papa Ézéchiel amekata shauri kwa sauti: «Ule kijana ni mwanaume, lakini mutu haoe bila ngombe.»

Mzee mwenye ndevu anamshika binti mkono mara nyingi. Kila mara natangaza kwamba baba anambariki mtoto wake. Akina mama wanaitikia amina.

Nsengimana naye amekuja, kofia imeshushwa hadi puani. Baadaye amenivuta kando, akasema hiyo katuni anaijua, akauliza kama nimeona mwisho wake. Nimemwambia wivu ni ugonjwa, akatafute daktari.

Jumapili, tarehe 15

Mama Kanyere ameketi mbele kabisa, bado na nguo zake za misa. Ameangalia umati nyuma yake, akatabasamu. Nikajua chumba ni changu.

Sehemu ya mwisho ilikuwa harusi. Gauni jeupe, kengele. Nimetangaza kwamba ng'ombe wamefika. Kijana mwembamba alikuwa kando, ameshika maua. Mzee mwenye ndevu akamvisha binti pete. Kisha akambusu mdomoni. Hakuwa na haraka.

Akina mama wakaacha amina katikati. Ningenyamaza na mimi. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, nikaeleza kwamba baba alikwisha kufa, huyu ni mdogo wake, baba mdogo wa binti.

Papa Ézéchiel akasimama. «Baba mudogo ni baba,» akasema. «Mutu anaoa mutoto yake, na ngombe zetu umezichinjia hiyo?» Akatoka, wafugaji wakamfuata, akina mama wakaziba watoto macho. Mama Kanyere ameomba ufunguo. Nimempa.

Nsengimana alikuwa nje. Amesema mzee ni mfalme tu, na kijana ndiye kaka wa binti. Ijumaa alitaka kunieleza. Angesisitiza, basi.

Jumatatu, tarehe 16

Nimekwenda kuchukua vyombo vyangu. Kabla ya kuchomoa waya nimecheza mara moja. Nimefia darajani.

Mama Léonie ni mtu wa huruma. Amesema sauti yangu ni nzuri, kosa lilikuwa lile la mwisho. Kikundi kimepewa filamu ya dini, ya Agano la Kale, kwa lugha ambayo hakuna anayeijua. Nikiitafsiri vizuri Jumamosi, atamwomba Mama Kanyere anirudishie chumba nyakati za mchana. Ameniomba kitu kimoja, niiangalie kwanza. Nimekubali kwa heshima.

Sitaiangalia. Jalada linatosha. Kuna shamba la shayiri lililovunwa. Mwanamke kijana ameinama anaokota masuke yaliyobaki. Mzee tajiri mwenye ndevu amesimama anamwangalia kwa upole, na nyuma yao yuko bibi kizee. Baba, mama na binti yao. Hapa hakuna pa kukosea. Nimemwalika Papa Ézéchiel.