Awa Anazunguka Waya

Jumatatu, 2 Agosti 1971
Nimeudhika! Mwezi uliopita mke wangu Awa alivimba mguu wa kushoto, damu imeganda ndani. Basi Jerónimo, enfermeiro, yaani muuguzi wa zahanati yetu, kijana wa bara mwenye viatu vyeupe, kasema wanawake wa namna ya Awa, ambao siku zao huruka miezi, mwili ukanenepa na kidevu kikaota nywele, damu yao huganda upesi. Dawa kampa, lakini peke yake haitoshi. Atembee! Mizunguko mitatu asubuhi, mitatu jioni. Anywe maji. Sukari apunguze. Asikae kitako kutwa akisuka ukili.

Anazunguka ndani ya waya wa kijiji, maana tangu Mreno atukusanye humu tusiwalishe wapiganaji wa msituni, hatoki mtu bila karatasi. Na nani husimama mlangoni pa zahanati akimhesabia mizunguko? Jerónimo! Mimi niliyefika Unguja, na Lindi mara mbili, nihesabiwe mke?

Jumanne, 3 Agosti
Kabla ya kutoka kapaka msiro uso mzima. Mweupe pe, yamebaki macho! Unga wa mti uleule aliousugua jiweni siku ya harusi yetu. Nikamuuliza anampendezea nani. Akasema anaficha ndevu, wenzake wasimcheke. Aa! Ndevu zake nazijua, ziko kumi na moja, nazipenda zote. Nani acheke?

Nimezificha ndara zake darini. Kaenda peku.

Jumatano, 4 Agosti
Hila ya pili. Nimempikia chai mwenyewe, sukari vijiko vitano, na vitumbua sahani nzima, ili akae nami asitoke. Kala kwa kunihurumia. Asubuhi hakutembea, jioni hakutembea. Ushindi!

Alhamisi, 5 Agosti
Mguu unamuuma. Nikataka kuukanda, akanisukuma: enfermeiro kakataza mguu kukandwa. Sasa hata kumgusa mke wangu nipewe ruhusa!

Mjomba wake, mzee Amisse, kaja. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ni mgeni wa kudumu. Kaniambia kwa upole, ndiyo maana nikaogopa: mkwe, mguu huo ukivimba tena kwa ujinga wako, kunja mkeka wako uende.

Kwenda wapi? Na bila Awa?

Ijumaa, 6 Agosti
Hila kubwa! Nimemdanganya Awa kwamba askari wamefuta matembezi ya jioni. Nikanyoa ndevu, nikajipaka msiro, nikajifunga kanga zake mbili. Nikatoka nisikie kwa masikio yangu Jerónimo humwambia nini Awa.

Mzunguko wa kwanza, kahesabu tu. Wa pili, kasema leo dada Awa una hatua ndefu. Nikakaza kanga. Wa tatu, nikasikia yote: mwambie shemeji aje atembee nawe, mtu akiwa na mwenzake hachoki.

Niliona haya. Kidogo. Nikaongeza mzunguko wa nne, huenda akasema la maana.

Jasho! Msiro ukapasuka, na mimi ndevu huota upesi. Kabo, koplo wa Kireno alindaye juu ya mnara, akaona mwanamume ndani ya kanga. Siku hizi wakiona hivyo wanajua mpiganaji kaingia. Filimbi! Bunduki! Mikono juu! Nikainua mikono, kanga ikaanguka.

Jerónimo akajitupa mbele ya bunduki: senhor kabo, huyu si mpiganaji, huyu ni mume mwenye wivu! Kabo kacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Awa kaja mbio. Mbio, na mguu ule! Kasimama kati yangu na bunduki akihema, kanitazama juu mpaka chini.

“We Faquir,” kasema mbele ya watu wote, “hata msiro hujui kupaka.”

Jumamosi, 7 Agosti
Mzee Amisse kahukumu. Mkeka ubaki, lakini nitembee na Awa asubuhi na jioni, na chai ninywe bila sukari kama yeye. Nimeapa. Wivu nimeutupa!

Jumatano, 11 Agosti
Uvimbe umepungua, kikuku kinamwingia tena. Alhamdulillahi! Mimi nina malengelenge matano. Awa anacheka, anatembea kama wa miaka kumi na minane. Jerónimo hata hatutazami, kumbe mtu mwema.

Ila kabo. Kila tukipita chini ya mnara, anapunga mkono. Awa anasema mimi ndiye ninayepungiwa, kwa zile kanga. Aa! Nimefika Unguja, mimi.

Nguo za askari hufuliwa na jirani yetu Ermelinda. Sare ya kabo imeanikwa tangu asubuhi. Nimeipima kwa macho: inanitosha.