Boneti ya Moto

Jumatatu, 3 Machi

Bwana Mkubwa hajawaka. Tena! Nimezungusha ufunguo hadi kidole kikaota sugu. Kimya. Mke wangu alikuwa kiti cha nyuma, maana gari la hadhi hukaliwa nyuma, sare yake ya uuguzi imenyooka kwa pasi, zamu inamsubiri. Alishuka, akaingia ndani, akatoka na begi. Amesema anahamia kwa dada yake, jirani na hospitali, atakuwa anakwenda kazini kwa miguu. Atarudi siku atakayokuta hapa mlangoni gari linalowaka asubuhi. Kwa ufunguo, amesisitiza, si kwa kubembelezwa na fundi.

Kosa langu nini? Niliuza kigari chake, Kidonge, nikanunua gari. Gari! Viti vya ngozi, boneti ndefu, kijivu cha kiungwana. Kidonge kilikuwa kinawaka kila siku, sawa. Hata birika la umeme linawaka kila siku.

Nyumba imepoa. Nimekaanga yai, limeungua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamua. Bwana Mkubwa anauzwa. Roho inaniuma, lakini mke ni mke.

Dalali wa magari amekuja, miwani myeusi, simu kila mfuko. Kauliza tatizo ni nini hasa. Nimemweleza: injini ikipoa haiwaki, ikishapata moto inawaka vizuri tu. Akaanza kuaga. Nikamcheka! Nikampa siri ya mjini. Mteja akisema yuko njiani, lisukumeni liwake, liungurume mpaka boneti ipate moto, kisha lizimeni. Akifika, anagusa ufunguo tu, nguruma! Ndiyo maana mimi nikienda kununua gari, kwanza napapasa boneti. Nikikuta ya moto, nageuza njia. Dalali amenishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajawahi kukutana na mtu mwenye akili ya magari kama mimi.

Dirisha la dereva sikumwambia. Kioo kinazama chenyewe ndani ya mlango, nimekikazia na kibanio cha nywele cha mke wangu, kile cha buluu. Atakayenunua atazoea.

Alhamisi, 6 Machi

Limeuzwa! Limekwenda kwa mwenye yadi, mtu asiye na maswali. Nilidhani nitafurahi. Nimesimama pale lilipokuwa likilala, limebaki doa la oili tu.

Jioni kapita shemeji, kaka wa mke wangu. Ana kigari cheupe anachokiosha kila siku na kukifanyia sevisi kwa tarehe. Mtu gani huyo? Hajawahi kusukumwa hata mara moja, hana hadithi yoyote ya barabarani! Amesema dada yake anauliza kama ninakula. Moyo ukaruka. Halafu akatoa habari: Kidonge kimeonekana kwenye yadi ile ile, kinauzwa. Wiki ijayo twende wote tukakikomboe, na dada yake atarudi nyumbani. Nimekubali. Shingo upande, lakini nimekubali.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita duka la magari mapya, kutazama tu. Muuzaji kanionyesha gari linalojiegesha lenyewe, linalolia ukisahau mkanda, linalokuambia umechoka, pumzika. Kwani ni mama yangu? Nimemwambia wazi kwamba viwanda vimeacha kuunda magari, vinaunda simu zenye magurudumu. Ukifungua boneti huoni injini, unaona mfuniko wa plastiki! Likiharibika humwiti fundi, unamwita mganga. Kaniomba kwa adabu niache kuyapiga matairi mateke. Nimetoka kifua mbele, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Nimempigia simu mke wangu. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka, nyumba hailaliki. Nikajikuta namsimulia mfuniko wa plastiki. Akakata simu taratibu.

Jumamosi, 15 Machi

Yadini na shemeji. Kidonge kile pale pembeni, kinyonge, vumbi tele. Shemeji akajilaza chini yake na tochi. Nami nilikuwa naelekea huko huko, naapa. Ndipo nikaliona.

Jekundu! Ndugu wa Bwana Mkubwa, umbo lile lile, lakini hili lina afya. Rangi inang'aa hadi nikaona meno yangu. Kioo cha dereva kimekaza kama kimetoka kiwandani leo. Namba halina bado, dalali (yule yule wa miwani) amesema zinashughulikiwa. Nikakaa. Mwili ukajiweka wenyewe kwenye kile kiti, kama uliozaliwa humo. Nikagusa ufunguo. Nguruma!

Shemeji akatokea, shati limechafuka, akauliza kama nimeshika boneti. Nimeshika. Ya moto! Akanikodolea macho. Nikamweleza kwa subira kwamba boneti ya moto kwenye gari bovu ni hila, lakini kwenye gari zima ni dalili ya gari linalopendwa, linalotembezwa. Mtaalamu anaijua tofauti. Dalali akaafiki kwa kichwa, kwa heshima kubwa, nami nikalilipia. Shemeji akashusha pumzi, akanunua Kidonge kwa hela zake mwenyewe. Eti ni cha dada yake. Haya!

Jumapili, 16 Machi

Nimepiga deki nyumba nzima. Nimebadilisha shuka. Mke wangu amekubali kupita kesho kabla ya zamu. Jekundu likiwaka, anarudi. Amesema hivyo kwa mdomo wake, na sauti yake ilikuwa laini. Mungu wangu, liwake tu.

Jumatatu, 17 Machi

Amekuja na Kidonge. Begi liko kiti cha nyuma, nimeliona kwa macho yangu! Nikaingia kwenye Jekundu, nikamtabasamia, nikazungusha ufunguo.

Kimya. Tena kimya ninachokijua.

Kwa hasira nikaupiga mlango ngumi. Kioo kikazama ndani kwa mlio ule ule, na kibanio cha buluu kikaniangukia mapajani.

Mke wangu akaingiza mkono dirishani, akakichukua, akakifuta, akabana nywele zake. Amesema alikitafuta sana. Hakucheka. Bora angecheka! Akauliza kama nina kamba.

Kidonge kimenivuta hadi gereji. Mimi huyu, kwenye kiti cha ngozi, navutwa na birika! Njia nzima begi lilikuwa linanitazama kupitia kioo chake cha nyuma. Gerejini alifungua kamba mwenyewe, akasema nijitahidi kula, akaenda kazini. Begi halikushuka.

Nimelia. Fundi kanipa kitambaa chenye oili nijifute. Huruma ilimzidi, akaninong'oneza kwamba kuna mteja wake anauza jeusi, umbo hili hili, limetulia. Nimekataa katakata. Mke kwanza!

Kesho nakwenda kulitazama tu. Nimemwomba fundi amwambie mwenye gari aliwashe mapema, nisije nikapotezewa muda.