Pua ya Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Oktoba 2006

Nimeshinda! Mke wangu Adelina alitaka kupeleka picha ya marehemu baba yake kwa Harish, yule Mhindi wa Dar mwenye studio kule Queensbury, upande mwingine wa London. Nimekataa. Tutoke Walthamstow hadi huko kutafuta fundi wakati fundi analala naye kitanda kimoja? Hakujibu. Kwangu mimi, asiyejibu amekubali.

Picha yenyewe inatia huruma. Ndiyo pekee iliyobaki ya mzee Bonifasi. Ilikaa kwenye sanduku la bati Bukoba, ukungu ukaila. Macho yapo. Kola ya shati ipo. Kuanzia pua hadi kidevu hakuna kitu, doa la kahawia tu. Jumamosi ya tarehe 14 tunamsomea misa ya mwaka mmoja kule Thornton Heath, halafu picha inakwenda nyumbani kuwekwa juu ya kaburi. Adelina hakwenda kuzika, karatasi zake za kuishi hapa zilikuwa bado mezani kwa wakubwa. Amesema picha hii ndiyo kuzika kwake. Nimemwambia atulie, yuko mikononi mwa bingwa.

Kompyuta yangu naiita Mwali, kwa sababu haitoki nje wala haionani na watu. Intaneti haiijui. Ndani yake mna programu ya picha iliyotolewa mwaka 1999, watu waijaribu kwa mwezi mmoja kisha walipe. Mimi bado naijaribu! Siri ni kalenda. Kila nikiiwasha Mwali nairudisha Machi 1999, na programu inadhani tumeonana jana. Harish analipia ya kwake kila mwaka. Pole yake.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimesafisha paji la uso la mzee. Limetakata, linang'aa. Nimeshona na kola. Kwenye pua nimekwama.

Adelina ameleta tena habari ya intaneti. Anasema kozi yake ya uuguzi inamtaka asome kwenye mtandao, amechoka kupanga foleni maktaba. Nikamweleza kwamba intaneti huleta unyevunyevu ndani ya nyumba. Akaniuliza nimeyasoma wapi hayo. Nikasema kazini. Kazini kwangu nalinda maegesho ya magari. Akanitazama kidogo, akaenda kuoga.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mungu wangu! Nimerudi kazini nimemkuta mzungu amepiga magoti mbele ya Mwali!

Anaitwa Douglas, fundi wa intaneti. Adelina alimwagiza bila kunishirikisha. Bwana mpole, amekunywa chai yetu, amesifia mapazia. Kisha akaniambia kwa furaha kwamba saa ya kompyuta yangu ilikuwa imechelewa miaka saba na nusu, kwa hiyo amenirekebishia. Bure, kwa hisani yake. Adelina akamwongezea biskuti.

Nilipofungua programu ikasema muda wa majaribio umekwisha, ahsante sana. Nikarudisha 1999. Ikakataa. Nikarudisha 1998. Ikakataa, safari hii kwa herufi nyekundu. Imeshanijua. Nimeng'oa waya wa Douglas na kuutupa nyuma ya sofa. Adelina akauliza mbona intaneti haifanyi kazi. Nikasema ndiyo tabia yake.

Jumamosi, 7 Oktoba

Dawa ni moja: kumfuta Mwali kila kitu na kuanza upya. Sidii ya programu nilimwazima Abdulsamad, Mzanzibari wa ghorofa ya chini. Nikamfuata. Kumbe ameitundika kwenye baraza kwa uzi, ifukuze njiwa! Nikamwambia hiyo ni mali ya watu. Akasema njiwa wamepungua sana na akataka nimletee nyingine ya kubadilishana. Nimempa sidii ya picha za harusi yetu. Adelina haiangalii siku hizi.

Mwali amezaliwa upya. Ni Machi 1999 tena, raha iliyoje! Hasara kidogo tu: paji la uso la mzee limefutika pamoja na mengine yote. Nimebakiwa na sidii moja ya picha zangu mwenyewe.

Jumanne, 10 Oktoba

Paji la uso nimelirudia, si zuri kama la kwanza. Sasa pua na mdomo. Lazima vitoke mahali. Nimepekua picha zote nilizonazo. Zote ni mimi. Mimi kwenye daraja, mimi na simba wa mawe, mimi Krismasi.

Nikawaza. Mwanamume mtu mzima. Mweusi. Mhaya. Mwenye sura ya heshima. Jamani, kwa nini nisumbuke?

Nimechukua pua, mdomo, kidevu, na sikio la kushoto kwa kuwa lilikuja lenyewe. Nikaweka mvi kidogo. Lo! Mzee amepata uhai, amependeza kuliko alipokuwa hai, ingawa sikuwahi kumwona.

Nilimwonyesha Adelina. Alisimama pale hadi chai yake ikapoa, machozi yakamtoka. Alimwacha baba yake akiwa msichana mdogo, sura ya chini ameisahau, na hilo limemuumiza kuliko yote. Amesema hajui ni kwa nini, lakini anahisi kama amemwona asubuhi ya leo tu. Nimeiona hiyo kama sifa.

Alhamisi, 12 Oktoba

Queensbury, shingo upande. Printa yangu haitoi picha kubwa. Harish akaishika disketi yangu kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ilibidi ashuke stoo kutafuta mashine ya kuisoma. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na hilo nalo linaniudhi.

Picha ilipotoka akaitazama, akanitazama. Akasema huyu mzee anafanana nami mno, sisi ni ndugu? Nikasema ni baba mkwe wangu. Akasema basi bwana, labda nimwachie yeye siku moja tu airekebishe, hatachukua kitu. Roho ya kwa nini hiyo! Ameona kazi ya mkono, presha imempanda. Nikaikunja picha, nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 14 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Misa ilikwenda vizuri. Picha ilisimama mbele ya altare, kubwa kama mlango wa kabati. Shida ilianza ukumbini, wakati wa chakula. Shangazi Leokadia, dada wa marehemu, alikuja kwa ndege kutoka Bukoba kwa ajili ya siku hii. Aliitazama picha. Akanitazama mimi. Akavaa miwani, akarudia. Halafu akasema, na ukumbi mzima ukasikia, kwamba mdomo wa kaka yake unatafuna ndizi pale mezani.

Baba mdogo Justin, mdogo wa marehemu na mkubwa wa familia yao hapa London, akaweka sahani chini. Akasema yeye picha hiyo imemchanganya tangu kanisani, akadhani ni uzee wa macho. Akakumbusha kwamba tulipotaka kuoana ukoo wetu ulichunguzwa kwa simu, na kadi ya simu ikaisha kabla ya swali la pili. Kisha akasema, polepole, kwamba marehemu aliwahi kuwa bwana kahawa, afisa wa kilimo cha kahawa, akizunguka Muleba, na akaniuliza mimi nimezaliwa wapi.

Muleba.

Watu wote wanapiga hesabu. Sisi Wahaya hatuoani ukoo mmoja, na hapa ilikuwa inazungumzwa habari mbaya kuliko ukoo: baba mmoja. Adelina aligeuka rangi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Lakini nilikuwa na senene wa kukaanga mdomoni, na nilipomeza kikao kilikuwa kimeshaamua: Adelina atalala kwa Baba mdogo Justin, huko huko Thornton Heath, hadi jambo lijulikane.

Nimerudi Walthamstow peke yangu na sufuria ya ndizi.

Jumapili, 15 Oktoba

Mama yangu amepiga simu kutoka Muleba. Ana miaka sabini, ni katibu wa akina mama parokiani. Asubuhi ameulizwa kwa adabu na Baba mdogo Justin kama aliwahi kufahamiana na bwana kahawa fulani. Aliyonijibu mimi siwezi kuyaandika. Aliuliza nimefanya nini tena. Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Nina mpango! Nitatengeneza picha ya marehemu baba yangu mzazi akiwa na pua ile ile. Watu wataona pua ni yetu, ya kwetu.

Jioni: nimetafakari. Mpango huo unathibitisha nini, sijui. Nimeuacha.

Jumanne, 17 Oktoba

Adelina amepiga. Sauti yake ilikuwa ndogo. Amesema hajala tangu Jumamosi. Kisha akaniuliza mara moja tu: Ambrose, pua hiyo ni ya nani?

Nikasema ni ya mtu mzuri. Nikasema ni ya mtu anayempenda sana. Nikasema ni yangu, na mdomo, na kidevu, na sikio.

Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema amekiombea rehema kidevu changu mbele ya altare, amekibusu. Halafu akampa simu Baba mdogo Justin.

Faini: mbuzi, kreti za bia, na kumwomba mama yangu radhi kwenye spika mbele ya ukoo mzima wa Adelina. Mama alisikiliza hadi mwisho, akawaambia wanipige.

Alhamisi, 19 Oktoba

Harish amemaliza picha kwa alasiri moja. Alimketisha Baba mdogo Justin kwenye kiti, akampiga picha, akachukua kidevu kwake. Ndugu wa damu, mdomo ule ule! Sawa, kilikuwa Thornton Heath muda wote. Lakini nani asafiri hadi Thornton Heath kwa ajili ya kidevu?

Shangazi Leokadia alipoiona alipiga kigelegele. Adelina aliketi chini sakafuni, akaikumbatia, akamwita baba yake. Haya nimehadithiwa. Mimi sikualikwa.

Ijumaa, 20 Oktoba

Habari njema! Adelina atarudi Jumapili. Sharti ni moja: Mwali atoke ndani ya nyumba. Nimeapa kwa jina la mama kwamba ameshatoka. Adelina akasema maneno yangu haamini tena, nimtumie picha ya ile kona aione ikiwa tupu kwa macho yake, la sivyo atabaki huko huko.

Ningeweza kumbeba Mwali, nikampeleka jikoni, nikapiga picha. Lakini mgongo unauma. Tena, ustadi uko wapi hapo?

Kona hiyo ninayo, kwenye picha yangu ya Krismasi. Nimejikata mimi, nimekata mapambo, nimemfuta Mwali na meza yake, nikapaka ukuta juu. Kazi safi, hata Harish haioni. Adelina alikuwa amemwegemea Mwali, anacheka, hakukuwa na namna ya kuwatenganisha. Nimemfuta naye.