Vigingi Vyekundu Kando ya Laga ya Tarach

Jumatatu, 6 Oktoba 1997. Kakuma.

Balaa! Wamekuja watafiti wa hali ya hewa kutoka Lodwar, na darubini ya miguu mitatu na vigingi vyekundu. Mkuu wao ni Bwana Epuyo, mtoto wa wavuvi wa Kataboi aliyesoma mpaka akasahau kucheka. Anasema redio haitanii: Elnino inakuja na laga ya Tarach, mto wetu wa msimu, itafurika. Vigingi vinaonyesha maji yatakapofika. Kimoja wamekipigilia mbele ya hoteli yangu, upande wa barabara. Maana yake Hoteli ya Longor yote imo majini! Na laga yenyewe kavu, mbuzi wanalala humo! Ng'ambo ya njia, kibanda cha chai cha Nyandeng, mkimbizi wa Sudan, kimeachwa nchi kavu. Akanipungia mkono. Akatabasamu. Tabasamu lile nalijua.

Jumatano, 8 Oktoba. Lodwar.

Nimepanda lori kuja kukata rufaa. Nimemletea Epuyo samaki mkavu. Akasema kwao samaki kama huyo hupewa paka. Akanionyesha ramani ukutani. Laga imepakwa rangi ya buluu, na hoteli yangu imo katikati ya buluu. Wamepima ardhi, wamewauliza wazee mafuriko ya zamani yalifika wapi, wamekagua alama za tope kwenye miti. Mengine aliyasema kwa Kiingereza, nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikamwomba asogeze kalamu kidogo tu.

"Mzee Longor," akasema, "kalamu naweza kuisogeza. Maji je?"

Hana adabu. Kusoma kumemharibu.

Alhamisi, 9 Oktoba. Kakuma.

Wazo limenijia njiani. Yeye hawezi kusogeza kalamu. Mimi naweza kusogeza vigingi. Saa saba mchana, jua linachoma, kila mtu amelala. Nikaving'oa, nikavipigilia upya. Shahidi: punda mmoja. Sasa mstari unapita chini ya hoteli yangu, upande wa laga, kisha unapinda vizuri sana, kama umechorwa na msomi, na kumzingira Nyandeng. Mikono ina malengelenge. Moyo ni mweupe.

Jumatatu, 13 Oktoba.

Nyandeng amehama! Nilitarajia vita, hakubisha hata kidogo. Alisema kwao Bor aliona mto ukibeba ng'ombe kama makopo matupu, kwa hiyo hasubiri kuambiwa mara mbili. Amejenga juu, karibu na barabara kuu. Wateja wake nimewarithi. Wote wawili. Waliobaki wamemfuata.

Lakini baraka ipo. Pontien, fundi cherehani kutoka Burundi, amekodi chumba changu cha nyuma, upande wa laga. Ana mke, Pascaline, na mtoto mchanga. Mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi. Aliniuliza, "Mzee, huku maji hayatatufikia?" Nikamwonyesha vigingi. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Jumapili, 19 Oktoba.

Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Nikawatania wateja: Elnino imepotea njia? Kumbe mvua ilinyesha mbali, milimani upande wa Uganda. Alasiri tukasikia mngurumo. Nikadhani ni malori ya chakula cha msaada. Nikaongeza maji kwenye chai.

Hayakuwa malori. Maji ya rangi ya tope, marefu kama mtu, yamebeba miti na mbuzi. Nilikimbia na sufuria mkononi. Pascaline alitoka, mtoto amemwinua juu ya kichwa. Pontien naye alitoka, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akarudi kuchukua cherehani.

Hoteli iliondoka nzima nzima, na bango lake.

Siandiki zaidi. Ni baridi tu.

Jumatatu, 20 Oktoba.

Wamempata Pontien chini kule, amenasa kwenye mizizi ya mgunga. Tumemzika kabla ya jua kuwa kali. Maji yalikomea pale pale vigingi vilipokuwa mwanzo. Pale pale! Mikosi ya ajabu.

Pascaline yuko kwa Nyandeng. Hali chakula. Nilikwenda kumpa pole. Akaniuliza jambo moja tu: kwa nini vigingi vilimdanganya mume wake? Nikafungua mdomo. Neno lilikuwepo, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema kazi ya Mungu haina makosa.

Nyandeng akanitazama. Halafu akanimiminia chai. Chai yake ni nzuri kuliko yangu. Hilo nalo linauma.

Jumamosi, 25 Oktoba.

Epuyo amerudi. Amekonda. Akauliza nani aligusa vigingi, maana mstari uliosimama si ule alioupima. Nikasema mafuriko yana nguvu, yanahamisha hata miti. Akaniangalia.

Akawaambia watu kwamba vigingi havitoshi. Sasa wameleta kengele kubwa ya chuma. Mvua ikinyesha milimani, huko juu watatuma habari kwa redio, na huku kengele italia, watu wakimbie. Anahitaji mwenyeji wa kuitunza. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Nani anaijua laga kuliko mimi niliyepoteza hoteli nzima? Watu walipiga makofi. Hata Pascaline aliinua uso. Epuyo alisita, lakini mkutano ulikuwa umekwisha kuamua.

Itatundikwa hotelini kwangu. Nimeanza kujenga upya pale pale. Kiwanja kimesafishwa bure. Jioni tumeijaribu kengele. Ina sauti! Kambi nzima ya wakimbizi ilikuja mbio, akina mama na watoto mgongoni, mpaka wateja wote wa Nyandeng.

Nitaipiga kila asubuhi, chai ikiiva.