Figa la Kushoto

Wewe nakuamini, ndiyo maana nakuandikia mapema kabla hujasikia kwa watu wengine wakaongeza chumvi. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka nikiwa na baibui jipya, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ndani ya jiko langu mwenyewe.

Ngoja nianze asubuhi, usije ukanicheka kabla ya wakati.

Mtaa wetu uko Newala, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Masasi. Sisi tulijenga kwanza, mipango ikaja baadaye. Kila nyumba imeigeuzia barabara uso, na kila mmoja kaweka magogo yake juu ya mtaro ili atokee mlangoni kwake. Mbuzi wanatokea barabarani, bodaboda barabarani, mtoto akitumwa chumvi anatokea barabarani. Malori ya korosho nayo yanakuja mbio. Tukaomba tuta. Tukapewa. Jirani zetu wa mbele wakaona wivu, wakaomba la kwao. Sasa dereva akitoka Masasi anafika kwetu ameshika kiuno, na barabara ya mkoa mzima imegeuka uchochoro wa kwetu wa kuombea chumvi.

Ofisi ya ramani ikasema dawa ni barabara ya mtaa, ipite nyuma ya nyumba, wote tutokee mahali pamoja. Hiyo barabara ipo. Ipo kwenye karatasi muda mrefu, watoto wamezaliwa na wameolewa. Shida ramani ziko mbili na hazifanani. Ya kwanza inapita nyuma ya nyumba zetu, mahali penye nafasi (ndivyo tulivyoamini). Ya pili inapita chumbani kwa Bi Somoe.

Bi Somoe ni jirani yangu, mjane, mtu mzima. Nyumba yake ni ya udongo, lakini juu ana bati, na bati lina mfereji unaoingiza maji ya mvua kwenye kisima alichochimba marehemu mumewe. Huku juu Newala maji unayajua yalivyo ya shida. Ukimbomolea yule bibi umemnyang'anya na nyumba na maji.

Cha kuamua ramani ipi ni ya kweli kilikuwa kimoja tu: jiwe la kona walilozika wapima wa kwanza. Bikoni. Na bikoni haionekani.

Saa tatu tukaitwa mkutanoni. Bwana mpima katoka Masasi, kijana mpole, kaja na chombo chake cha miguu mitatu.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, baba."

Mwenyekiti alikuwa na barua ya kusoma ila miwani kaisahau. Akatazama huku na huku, akanipa mimi. (Unajua kuwa mwaka jana nimemaliza darasa la jioni la watu wazima. Mtaa mzima unajua, nimewaambia.) Nikaisoma yote, pamoja na tarehe, muhuri na namba ya jiwe. Barua ilisema jiwe lisipopatikana leo, itafuatwa ramani ya pili, na kesho katapila linaanza.

Bi Somoe akauliza, "Ramani ya pili si ndiyo inayopita kitandani kwangu?"

Mpima akainamisha kichwa. "Ndiyo, bibi."

"Basi mwambie huyo katapila apige hodi. Mimi nalala bila ushungi."

Watu wakacheka, mimi nikapandwa na hasira. Nikasimama (hakuna aliyenisimamisha). Nikasema, "Jiwe halina miguu. Mtu kaling'oa. Mtu wa mtaa huu huu, anatuangalia hapa kwa macho makavu. Basi mimi namshitaki kwa Mungu. Aliyeling'oa, Mungu amuumbue leo leo, kabla jua halijazama. Na asipojitokeza tutamsomea Halbadiri, tumbo limvimbe."

"Mama Rukia, punguza," mwenyekiti akasema.

"Sipunguzi. Semeni amina."

Wakasema amina. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wote. (Tumbo lenyewe lilikuwa limejaa gesi tangu juzi, nikawa nasingizia mbaazi.)

Tukaenda kutafuta. Majembe, mapanga, watu kama thelathini, tunachimba nyuma ya nyumba kama wafukua panya. Tulipata kifuniko cha sufuria, kandambili ya mguu mmoja, na kijiko ambacho wanawake wawili walikigombania. Jiwe hakuna. Mpima anahesabu hatua, anatazama karatasi, anahesabu tena. Kila akihesabu anaishia ukutani kwa jiko langu la nyuma ya nyumba, anageuka. Mimi nikamhurumia. Nikafikiri njaa imeanza kumpoteza.

Adhuhuri ikaingia. Tukaswali. Baada ya hapo nikasema mgeni hawezi kukaa na njaa kwenye mtaa wenye mimi. Nikawakaribisha jikoni, mpima, mwenyekiti na Bi Somoe, chai na muhogo wa kuchemsha. Wengine wakajazana mlangoni, maana chai ya Mama Rukia ina tangawizi.

Nikabandika sufuria. Nikachochea kuni. Mpima kachuchumaa karibu na moto, anapuliza chai yake, macho yako chini. Akasema taratibu, "Mama, hili figa lako la kushoto umelitoa wapi?"

Hapa ndugu yangu ningenyamaza. Ningesema nimelikuta. Ningezimia.

Lakini wewe unajua huku juu ni mchanga mtupu. Masasi wana milima mizima ya mawe, wanayaangalia tu. Sisi mtu akitaka mafiga anaagiza kwa mwenye lori, au anapikia matofali yanayopasuka kila wiki. Mimi mafiga mawili nilitumiwa na wifi yangu wa Masasi. La tatu nilijipatia. Lile figa ndilo fahari ya jiko langu.

Nikamwambia, "Hilo? Nimelichimbua mwenyewe. Nilikuwa nachimba shimo la nguzo ya hili jiko, jembe likasema kwaa. Newala nzima hupati jiwe kama hilo. Limenyooka pande zote. Na tazama hapo juu, lina hadi kichuma."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Nikasikia kuni zinalia peke yake.

Mpima akaomba maji na majivu. Tukatoa sufuria, akalivuta jiwe kwa kijiti, akalimwagia maji, likafoka kama nyoka. Akalisugua ubavu uliokuwa umelala chini. Masizi yakatoka. Maandishi yakatoka.

Akanigeukia. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mama, wewe ndiye uliyetusomea barua. Hebu tusomee na hapa."

Nikasoma. Herufi mbili na namba. Ndizo zile zile za kwenye barua niliyoisoma asubuhi kwa madaha.

Wallahi sikuiba. Nilipolichimbua nilikuwa bado sijaanza darasa la jioni. Ile namba kwangu ilikuwa mikwaruzo ya jembe. Nilipojua kusoma nilisoma kila kitu, mifuko ya simenti, makopo ya mafuta, ubavu wa mabasi yote ya Masasi. Jiwe lililobeba sufuria yangu kila siku sikuligeuza hata mara moja.

Bi Somoe ndiye aliyeanza. "Mwanangu, tumbo linaendeleaje?"

Hapo wakaangua kicheko. Mlangoni watu walikaa chini kabisa. Mmoja akasema jua bado halijazama, dua imewahi. Mwenyekiti, mzee mzima, akafuta machozi kwa barua yenye muhuri.

Mpima peke yake hakucheka, kazi yake ilikuwa bado. "Mama, jiwe likishang'olewa si jiwe tena. Nionyeshe shimo lilipokuwa."

Kicheko kikakatika.

Maana shimo nalijua mimi tu. Nikisema lilikuwa kwenye kisiki cha mkorosho kule upande wa Bi Somoe, barabara inaninusuru mimi, inakwenda kwa Bi Somoe. Nikisema kweli, inapita hapa tulipokaa. Jiko hili nimelikandika kwa mikono yangu. Nilimtazama Bi Somoe. Hakuniomba kitu. Alikuwa anamenya muhogo.

Asubuhi nilikuwa nimemwita Mungu kwa sauti kubwa, sasa nimfiche wapi?

Nikanyoosha kidole kwenye nguzo ya kona ya jiko. "Chini ya hiyo."

Mpima akapima kutoka nguzo hadi kwenye mafiga. Hatua tatu. Jiwe limetafutwa na ofisi nzima, limezuia barabara nzima, malori yanarushwa na matuta kutoka huku hadi bondeni, kumbe limesafiri hatua tatu tu.

Bi Somoe akanishika mkono. Akasema, "Mama Rukia, kuanzia leo utapika kwangu. Na maji utachota kwangu." Akalitupia jicho lile jiwe. "Ila mafiga naleta mimi."

Kesho katapila linapita, jiko linaondoka. Baba Rukia nimemwambia jioni hii. Kaniuliza swali moja tu, kama bakuli za kulia futari nazo zina namba chini. Nimezigeuza zote. Hazina.

Sasa nakuomba, hiki kisa usikae nacho. Kitume Kitangari, kitume Makote, kitume hata Masasi kwenye mawe yao, kwenye kila kundi la simu uliloko. Mwambie kila mwenye figa lililonyooka aligeuze leo, asome chini. Akiwa hajui kusoma, darasa letu linaanza saa kumi na moja jioni. Mimi nimemaliza, ila nitarudi kiti cha mbele. Kuanzia kesho sina jiko la kuliwahi.